Umeme Chini ya Jeraha

Kisenyi huamka na magunia. Kabla jua halijapanda vizuri juu ya Kampala, malori ya mahindi kutoka Masindi na wilaya nyingine yameshapanga foleni mbele ya vinu, vumbi la unga limeshatanda juu ya mabati, na wapagazi wanainamisha shingo kupokea gunia ambalo mara nyingi hufika kilo 100. Upande mmoja kuna kituo cha mabasi yaendayo mikoani, upande mwingine maduka na migahawa ya Wasomali, na ukiteremka kidogo uko kwenye soko la Owino au kwenye karakana za vyuma za Katwe. Bodaboda hupenya katikati ya yote hayo. Wengi wa wanaofanya kazi hapa hawana mtaji mwingine ila mgongo.

Na mgongo huo una njia nyingi za kuvunjika. Gunia huteleza kutoka juu ya lori likamkuta mtu ameinama. Jukwaa la miti huachia kwenye jengo ambalo bado linapanda. Pikipiki hugongwa ubavuni usiku wa mvua, na abiria asiye na kofia ngumu akatua kwa shingo.

Ndani ya pingili za mgongo hupita ugwe, mkanda laini wa neva wenye unene wa kidole kidogo cha mkono na urefu wa kama sentimita 45 kwa mtu mzima. Humo ndimo amri za ubongo zinamoshuka kwenda mikononi na miguuni, na ndimo habari za ngozi, viungo, kibofu na utumbo zinamopandia. Katika ajali nyingi ugwe haukatiki vipande viwili kama watu wanavyodhani. Hupondwa. Pingili iliyovunjika huubana, damu huvuja, uvimbe huanza, na katika saa zinazofuata chembe ambazo hazikuguswa na pigo lenyewe hufa kwa kukosa hewa ya oksijeni. Kwa hiyo namna majeruhi anavyonyanyuliwa ni sehemu ya tiba. Akishikwa kwapa na miguu, akakalishwa kwenye bodaboda kati ya dereva na ndugu anayemzuia kwa nyuma asianguke, pingili iliyovunjika huzidi kuusaga ugwe njia nzima ya kwenda hospitali. Wanaofanya hivyo ni watu wema waliokimbilia kusaidia. Hawakufundishwa tu kwamba ubao, au mlango uliong'olewa kwenye bawaba, ungefaa zaidi.

Juu kidogo ya Kisenyi, kwenye kilima cha Namirembe, ipo Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1897. Mwaka 1907 hospitali hiyo ilipata mashine ya eksirei, miongoni mwa za kwanza Afrika Mashariki. Hivyo umeme uliingia katika tiba ya mji huu zaidi ya karne moja iliyopita, kwanza kama jicho la kuona mfupa. Umeme unaozungumziwa katika sura hii una kazi nyingine. Hupitishwa mwilini ili kuzungumza na neva ambazo ubongo umeshindwa kuzifikia.

*

Lakini ili mtu afaidi umeme huo, lazima kwanza awe hai. Hili halisemwi vya kutosha katika habari za maajabu ya teknolojia, na kwa msomaji wa Kampala, Mwanza au Bukavu ndilo la kwanza kuulizwa.

Bonde la Nile limelijua jeraha hili tangu zamani. Katika mafunjo ya Misri ya miaka 3,600 iliyopita, yanayoitwa ya Edwin Smith, tabibu anaeleza mtu aliyeteguka pingili za shingo, asiyehisi mikono wala miguu yake, na mkojo unamtoka bila yeye kujua. Hukumu ya tabibu huyo ni kwamba maradhi haya hayatibiki. Hukumu hiyo iliendelea kutumika hadi karne ya 20. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wengi waliopooza miguu walikufa ndani ya muda mfupi. Kilichowaua kilikuwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo.

Aliyeigeuza hali hiyo ni Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler na mwaka 1944 akakabidhiwa wodi ya majeruhi wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa mpya. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na mara nyingi alizunguka mwenyewe usiku kuhakikisha. Mipira ya mkojo ilishughulikiwa kwa usafi wa chumba cha upasuaji. Wagonjwa walikalishwa, wakapewa kazi, kisha michezo. Tarehe 29 Julai 1948 aliwapanga majeruhi 16 uwanjani kushindana kwa upinde na mshale, na mashindano hayo ndiyo yaliyozaa Paralimpiki. Vifo vikashuka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na jeraha la ugwe wa mgongo, na kwamba mgonjwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati ana hatari ya kufia hospitalini karibu mara tatu ya mwenzake wa nchi tajiri. Tofauti hiyo haitokani na roboti wala betri zinazopandikizwa mwilini. Inatokana na magodoro, mipira ya mkojo, upasuaji uliocheleweshwa kwa sababu familia inatafuta fedha za skrubu za chuma, na muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi kuliko mikono yake. Kote Afrika Mashariki anayemgeuza mgonjwa usiku ni mama, mke au kaka aliyelala chini ya kitanda, na akisinzia, ngozi ya makalio huanza kufa bila mwenye ngozi kuhisi chochote.

Mwaka 2012 Wakenya walilipata somo hili barabarani. Zachary Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na wanyang'anyi wa magari mwaka 2004, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekeza uso Afrika Kusini, safari ya kilomita zipatazo 4,000. Alichagua Afrika Kusini kwa sababu huko ndiko kulikuwa na hospitali ya utengemao ya kiwango ambacho yeye na wenzake hawakuwa nacho nyumbani. Chama cha watu waliopooza nchini Kenya kilichoandaa kampeni hiyo kilitaka kuchangisha shilingi milioni 250 za kujenga hospitali ya namna hiyo, na wananchi waliombwa wachange ili Kimotho ageuze na kurudi nyumbani. Ni vigumu kutaja kampeni nyingine ya afya katika ukanda huu iliyoeleza shida yake kwa uwazi kama huo.

*

Sasa umeme wenyewe.

Chini ya jeraha, ugwe haujafa. Ubongo hauufikii tena, lakini chembe zake zinapata damu, zinaishi, na zina ujuzi wao. Mwaka 1911 Mskoti Thomas Graham Brown alionyesha kwamba paka aliyekatwa ugwe bado anaweza kutoa mwendo wa hatua katika miguu ya nyuma. Mtambo wa kupishanisha miguu umo ndani ya ugwe wenyewe, na ubongo huuamuru tu uanze, uongeze kasi au usimame. Binadamu anautegemea ubongo kuliko paka, lakini naye ana mtambo wa namna hiyo kiunoni. Mtu aliyepooza miguu anapotikiswa na mikazo ya ghafla usiku, mguu ukaruka wenyewe chini ya shuka, majirani huweza kusema ni pepo au ni dalili ya kupona. Kwa kweli huo ni ugwe wa chini ukifanya kazi bila msimamizi.

Neva husema kwa umeme. Luigi Galvani wa Bologna alilichapisha hilo mwaka 1791 baada ya kuona mguu wa chura aliyekufa ukiruka alipougusa kwa vyuma. Ukiweka vipande viwili vya elektrodi juu ya ngozi ya paja na kupitisha mapigo mafupi ya mkondo, kila pigo likidumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, neva iliyo chini yake hushtuka na msuli hukaza, ubongo utake usitake. Hii ndiyo njia kongwe zaidi ya tiba hii. Mwaka 1961 Wladimir Liberson na wenzake walieleza kifaa kidogo cha kuinua sehemu ya mbele ya unyayo wa mtu ambaye mguu wake unaburuzika. Na mwaka 1983 mwanafunzi aliyepooza aitwaye Nan Davis aliinuka kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Wright State, Ohio, akapiga hatua chache kwenda kupokea shahada yake, miguu ikiendeshwa na kompyuta iliyobuniwa na Jerrold Petrofsky. Televisheni zilisambaza picha hiyo, na wengi waliamini viti vya magurudumu vingekuwa historia kabla ya mwaka 2000.

Havikuwa. Msuli unaoamshwa kutoka nje huchoka upesi mno, kwa sababu umeme huziamsha nyuzi zake zote kwa pamoja, zile zenye nguvu nyingi na uvumilivu mdogo zikiwa mbele, kinyume cha utaratibu wa mwili. Hatua zikawa chache, nzito na za kuchosha. Njia hii ilibaki kuwa na manufaa mengine yasiyopigiwa tarumbeta: baiskeli ya mazoezi ambayo miguu iliyopooza huisukuma kwa umeme hurudisha unene wa misuli ya mapaja na makalio na kuufanyisha moyo kazi. Msuli mnene wa makalio ni godoro ambalo mtu hutembea nalo, na damu inayopita humo humpunguzia hatari ya vidonda.

Kuna sharti moja la kimwili ambalo wauzaji wa vifaa hawalitaji. Neva inayotoka kwenye ugwe kwenda kwenye msuli lazima iwe nzima. Ugwe huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni fungu la neva tupu. Gunia linapomvunja mtu mahali ambapo kifua kinakutana na kiuno, na ajali nyingi huvunja hapo hapo, huweza kuua neva zenyewe zinazokwenda miguuni. Miguu yake huwa laini, haina mikazo, na mashine ya kawaida ya kuamsha misuli haitaiamsha hata mwenyewe akilipa mara mia. Mtaalamu wa fiziotherapia huweza kulijua hilo kwa uchunguzi wa dakika chache, na uchunguzi huo unapaswa kutangulia risiti.

*

Mwaka 2006 Rob Summers, mchezaji wa besiboli wa Chuo Kikuu cha Oregon State, aligongwa na gari lililomtoroka. Alipooza kuanzia kifuani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Louisville, wakiongozwa na Susan Harkema pamoja na Reggie Edgerton wa Los Angeles, walimfanyisha kwanza mazoezi ya kutembezwa juu ya mkanda akiwa amening'inizwa kwa mikanda: vipindi 170 katika miezi 26. Hakuna kilichobadilika. Ndipo Desemba 2009 madaktari walipompachika juu ya utando wa ugwe wa kiuno bamba lenye elektrodi 16, kifaa ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikitumika kutuliza maumivu ya mgongo.

Mkondo ulipowashwa na yeye kusimamishwa, miguu yake ilibeba uzito wake wote, akisaidiwa kushika mizani tu, kwa zaidi ya dakika nne. Watafiti walikuwa wakitarajia jambo la namna hiyo. Jambo ambalo hawakulitarajia lilikuja miezi saba baadaye: kifaa kikiwa kimewashwa, Summers aliambiwa akunje vidole vya mguu, akavikunja. Akaambiwa anyanyue goti, likanyanyuka. Amri ilikuwa imetoka kwenye ubongo, ikapita mahali ambapo vipimo vyote vilisema hapapitiki. Habari hiyo ilichapishwa katika jarida la Lancet Mei 2011, na miaka mitatu baadaye wenzake watatu waliopachikwa kifaa hicho wakaonyesha vivyo hivyo.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Hata pale ambapo daktari ameandika kwamba jeraha ni kamili, mara nyingi nyuzi chache huwa zimesalia zikivuka eneo lililopondwa, lakini sauti yao ni hafifu mno kuziamsha chembe za chini zilizozoea kimya. Umeme hauisogezi miguu wenyewe kama ulivyofanya kwa Nan Davis. Mkondo wake ni mdogo, na huingia hasa kwenye nyuzi zinazoleta hisia kutoka miguuni, ukaziinua chembe za ugwe hadi karibu na kizingiti cha kushtuka. Hapo amri hafifu kutoka juu, au hata uzito wa mwili juu ya unyayo, hutosha kumalizia. Ndiyo maana mazoezi hayaepukiki. Katika utafiti wa Louisville uliochapishwa mwaka 2018, watu wawili kati ya wanne waliweza kutembea sakafuni wakishikilia kitu, na mmoja wao alihitaji vipindi 278 katika wiki 85. Mwingine katika kundi hilo alivunjika nyonga mazoezini, kwa sababu mifupa ya miguu isiyobeba uzito kwa miaka huwa dhaifu.

Mwaka huo huo, Grégoire Courtine na daktari wa upasuaji Jocelyne Bloch huko Lausanne, Uswisi, walionyesha njia nyingine: badala ya mkondo usiokoma, mapigo yaliyopangwa kufika kwenye sehemu fulani ya ugwe wakati fulani wa hatua. Mmoja wa wagonjwa wao watatu wa kwanza, David Mzee, alikuwa ameumia mwaka 2010 akifanya mazoezi ya viungo. Mwaka 2022 walitangaza wengine watatu wenye majeraha kamili, akiwemo Michel Roccati, Mtaliano aliyeangushwa na pikipiki mwaka 2017. Walipiga hatua siku ile ile ya kwanza, wakiwa wameshikiliwa na mikanda, na baada ya miezi ya mazoezi Roccati aliweza kutembea nje akisukuma kigari cha kujishikilia. Mwaka 2023 Mholanzi Gert-Jan Oskam aliunganishwa ubongo wake na ugwe wake kwa njia ya kompyuta.

Haya ni mafanikio ya kweli, na waliojitolea kufanyiwa upasuaji huo bila kuahidiwa lolote wanastahili heshima. Hata hivyo, hakuna hata mmoja kati yao aliyetupa kiti cha magurudumu. Wanatembea kwenye maabara, bustanini, sebuleni, na wanarudi kwenye kiti kufanya shughuli za siku.

*

Mwaka 2004 mtafiti wa Kimarekani Kim Anderson aliwauliza watu 681 wenye jeraha la ugwe ni uwezo gani ukirudi ungeyabadilisha zaidi maisha yao. Miongoni mwa waliopooza mikono na miguu, karibu nusu walitaja mikono kwanza. Miongoni mwa waliopooza miguu tu, waliotaja uwezo wa tendo la ndoa walikuwa wengi kuliko wengine. Kibofu na choo vilikuwa juu katika makundi yote. Kutembea hakukuongoza popote.

Majibu hayo yanaeleweka zaidi yakisomwa Kisenyi. Nyumba ya wengi hapa ni muzigo, chumba kimoja cha kupanga, mlango ukitazama kichochoro ambamo mfereji wa maji machafu umechukua nusu ya njia. Choo ni cha wapangaji wote, kina kizingiti, na mlango wake hauwezi kupitisha kiti cha magurudumu. Maji huja kwa madumu. Kijana anayeweza kushika kijiko, kujiwekea mpira wa mkojo mwenyewe, kubonyeza simu na kupokea fedha za mteja, ameshapata sehemu kubwa ya maisha yake. Akiweza pia kukaa wima bila kuzirai, anaweza kuuza muda wa maongezi au kutengeneza simu kutwa nzima. Kuzirai huko ni jambo la kweli: jeraha la juu huwanyima mishipa ya damu amri ya kukaza, na shinikizo la damu huporomoka mtu anapoinuliwa. Timu ya Harkema imeonyesha kwa wagonjwa wachache kwamba mkondo juu ya ugwe huweza kulishikilia shinikizo hilo.

Kwa sababu hiyo, habari yenye uzito zaidi kwa mtaa huu si ile ya Lausanne. Ilichapishwa Mei 2024 katika jarida la Nature Medicine, ikapata nafasi ndogo magazetini. Katika utafiti ulioitwa Up-LIFT, watu 60 waliopooza mikono kwa jeraha la shingo walifanya mazoezi ya kawaida ya mikono kwa miezi miwili, kisha wakafanya mazoezi yale yale kwa miezi mingine miwili huku elektrodi zilizobandikwa juu ya ngozi ya shingo zikipitisha mkondo hadi kwenye ugwe. Hakukuwa na kisu. Mkondo hupitishwa katika mawimbi ya kasi sana ili ngozi isiungue kwa maumivu kabla umeme haujafika ndani. Asilimia 72 walipata nguvu na uwezo zaidi wa mikono kuliko mazoezi peke yake yalivyowapa, na miongoni mwa walionufaika alikuwepo mtu aliyeumia miaka 34 nyuma. Kifaa hakikuleta dhara kubwa kwa yeyote. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikiruhusu kifaa hicho, ARC-EX cha kampuni ya Onward Medical, kitumike kliniki.

Utafiti huo una kasoro yake: hakukuwa na kundi lililobandikwa elektrodi zisizo na umeme, kwa hiyo sehemu ya maendeleo huweza kuwa ni matunda ya mazoezi kurefushwa na matumaini kupanda. Hata ukipunguza sehemu hiyo, kidole gumba kinachorudi kushika kinabaki kuwa kidole gumba kinachoshika.

*

Kuchagua kati ya kifaa cha kupandikiza na kifaa cha kubandika si suala la bei peke yake, ingawa cha kupandikiza pamoja na upasuaji wake hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Uganda imeshawahi kukutana na uamuzi wa aina hii, na iliuamua kwa namna iliyoifundisha dunia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, daktari Mmarekani Benjamin Warf alikuwa akiwatibu watoto wenye vichwa vilivyojaa maji. Tiba ya kawaida ni kupandikiza mrija wa kuyatoa maji hayo kutoka kwenye ubongo hadi tumboni. Mrija huziba. Mtoto wa Boston mrija wake ukiziba, yuko mwendo mfupi kutoka chumba cha upasuaji. Mtoto wa kijiji cha mbali huweza kufa kabla basi halijapita. Warf aliunganisha njia mbili: kwa kamera nyembamba alitoboa ndani ya ubongo kipenyo kipya cha maji, na akaiunguza tishu inayoyatengeneza. Hakuna kifaa kinachobaki mwilini. Mwaka 2017 jaribio lililofanyika Mbale kwa watoto wachanga 100, likachapishwa katika New England Journal of Medicine, halikuona tofauti ya maana ya maendeleo ya akili kati ya njia hiyo na mrija baada ya mwaka mmoja. Leo njia ya Mbale inafundishwa Marekani.

Kichocheo kinachopandikizwa juu ya ugwe ni mrija wa kizazi kipya. Nyaya zake husogea, kidonda chake huingia vijidudu, betri yake huisha, na kila tatizo linamhitaji daktari wa upasuaji wa neva. Hospitali ya Mulago imeongeza uwezo wake katika fani hiyo, hasa tangu ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke ulioanza mwaka 2007 chini ya Michael Haglund, lakini madaktari hao wana foleni ya vichwa na migongo iliyovunjika usiku wa jana. Kuwatoa hapo wakapachike vichocheo kungekuwa kuwanyang'anya watu uhai ili kuwapa wengine hatua.

Elektrodi za ngozi hazina madai hayo. Mashine ndogo za kuamsha misuli na kutuliza maumivu zinajulikana na wataalamu wa fiziotherapia wa Kampala. Ukubwa wake ni wa simu, na hutumia betri. Kukatika kwa umeme, ambako wakazi wa mji huu walikuzoea katika miaka 20 ya kampuni ya Umeme iliyokabidhi usambazaji kwa kampuni ya serikali, UEDCL, mwishoni mwa Machi 2025, hakuzizimi. Kinachozizima ni vitu vidogo. Vibandiko vyenye gundi huchakaa baada ya kutumika mara kadhaa na huagizwa kutoka nje. Elektrodi za mpira zinazopakwa jeli hudumu zaidi.

Hatari nazo zipo, na zinamhusu hasa anayenunua kifaa mtandaoni akajibandika mwenyewe. Ngozi isiyo na hisia haisemi inapoungua. Kwa aliyeumia juu ya katikati ya kifua, msisimko mkali chini ya jeraha, uwe umeme au kibofu kilichojaa, huweza kupandisha shinikizo la damu ghafla hadi mshipa wa ubongo upasuke. Kichwa kikianza kugonga na uso kutoka jasho, mkondo uzimwe, mtu akalishwe wima, na kibofu kikaguliwe. Mwenye betri ya moyo asiubandike kabisa bila daktari wa moyo. Na katika mtaa uliosongamana kama huu kuna la kuangaliwa kabla ya yote: miguu inayokufa ganzi polepole, pamoja na maumivu ya mgongo, homa za jioni na kukonda, huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huyo hahitaji mashine. Anahitaji vidonge ambavyo Uganda huvitoa bure, na akivianza mapema huweza kusimama tena kwa miguu yake.

Vituo 14 vilivyoshiriki Up-LIFT vilikuwa Marekani, Kanada, Uingereza na Uholanzi. Maswali yaliyoulizwa huko yalikuwa ya huko. Kampala ina maswali yake, na yanapimika: je, nusu saa ya mkondo kwenye misuli ya makalio, mara tatu kwa wiki, itapunguza vidonda kwa mtu anayelala kwenye godoro jembamba la sifongo? Je, umeme wa shingoni utaongeza chochote kwa mikono ambayo haikuwahi kupata hata miezi miwili ya mazoezi ya kawaida? Je, ndugu aliyefundishwa anaweza kuubandika kwa usalama nyumbani? Utafiti wa namna hiyo hauhitaji chumba cha upasuaji. Unahitaji wataalamu wa fiziotherapia waliolipwa mshahara wao kwa wakati, mashine chache zilizopimwa, kundi la kulinganisha ambalo Up-LIFT haikuwa nalo, na fungu la nauli, kwa sababu mtu wa kiti cha magurudumu anayetoka Kisenyi kwenda Mulago hawezi kupanda bodaboda wala kuingia kwenye teksi ya abiria 14, na gari la kukodi mara tatu kwa wiki humaliza fedha za chakula.